Laki saba ya kupanga shelfu

Jumapili jioni, Nkuhungu

Kijana wa dada yangu, aliyehitimu UDOM na bado anazungusha CV, kanipigia leo akiwa na furaha. "Mamdogo, nimepata umechandaiza. Laki saba kwa mwezi!" Nikampongeza, kisha nikamwomba anisomee tangazo neno kwa neno.

Kazi yenyewe naijua kwa kuitazama, maana hao mechandaiza, watu wa kampuni wanaopanga bidhaa zao madukani, wanapita dukani kwangu. Wanakuja na kitambaa mfukoni, vumbi la Dodoma halimwachi mtu. Wanapangusa makopo, wanageuza nembo zitazame mbele, wanakagua tarehe za kuisha muda, mzigo wa zamani wanauvuta mbele ili utoke kabla ya mpya. Za mshindani wanazisukuma pembeni kidogo nikiwa nahudumia mteja, wakidhani sioni. Halafu picha, inatumwa kwa supavaiza, safari ya duka jingine. Ni kazi ya miguu, mgongo na bashasha, kwa sababu mwenye duka akinuna, nafasi kwenye shelfu huipati.

Sasa hiyo laki saba. Nilichukua kalamu nikaandika nyuma ya daftari la madeni. Mshahara 350,000. Kamisheni 200,000, tageti ya mauzo ikifikiwa. Nauli na vocha 150,000. Ukijumlisha ni kweli 700,000, tangazo halijadanganya. Na kima cha chini kwa sekta ya biashara na viwanda, kwa amri iliyoanza Januari 2023, kilikuwa 150,000, kwa hiyo hata mshahara mtupu si wa kuchekwa.

Lakini nauli si pesa yake, ni ya barabara. Akianzia Majengo, apite Sabasaba, aende Kisasa na Nzuguni, katikati kuna bodaboda kwa sababu supavaiza anataka picha kabla ya saa sita. Hiyo nikaifuta. Kwenye 350,000 NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10, yaani 35,000. Inabaki 315,000, na kodi inaanza juu ya 270,000 kwa asilimia 8, hapo ni 3,600 tu. Tumefika 311,400. Na bumu alilokula chuoni? Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 52,500. Mkononi inaingia 258,900. Kwenye simu akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Bodi nilikuwa nimeisahau."

Kamisheni ndiyo iliyonikera zaidi. Mechandaiza hauzi, anapanga. Anayeleta mzigo ni mtu wa gari la mauzo, na bidhaa ikikauka depo, kijana atapanga nini? Halafu mji huu una majira yake. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni Bunge la bajeti linajaza nyumba za wageni, maji na soda zinatoka hadi nachoka kubeba kreti. Bunge likiahirishwa na wanachuo wakienda likizo, maduka yanapoa. Tageti ikipigwa kwa mauzo ya Mei, huyo wa Agosti ataikimbiza bure. Nikamwambia aulize imepigwa kwa mwezi gani, na katika watu wa timu ile wangapi waliipata mwezi uliopita. Aombe pia aone karatasi ya malipo ya mtu anayefanya kazi hiyo sasa, jina afunike.

Masaa sikuyapigia kelele sana. Sheria inasema 45 kwa wiki, na ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Ila kuhesabu stoo mwisho wa mwezi sijaona kukiisha mapema.

Kwa maoni yangu, kama njia yake ni ya mjini tu na nauli inatolewa kando, aichukue. Anaishi kwa dada, hana kodi ya nyumba, na akizoeleka madukani anaweza kuhamia kwenye mauzo, ambako kamisheni inategemea mdomo wake mwenyewe. Wakimwongezea Kibaigwa, nje ya mji, kwa nauli ileile, aachane nayo.

Jioni hii kamtumia supavaiza swali la nauli, na jibu kanitumia. Kijana anatanguliza pesa yake mwenyewe, inarudishwa mwisho wa mwezi kwa risiti. Sasa sijui risiti ya bodaboda wa Nzuguni ataitoa wapi. Kaniomba nimkopeshe nauli ya mwezi wa kwanza. Nimemwambia kwanza awaulize kama daftari lililosainiwa na wenye maduka litakubalika.