Kumbukumbu ya mradi: buibui mla mbu afika chini ya hadubini

Tangu mvua za masika zianze, wageni wa hadubini yangu wanakuja wakiwa hai. Mdudu aliyekauka hupauka rangi, macho yakasinyaa, na kwa mwindaji nusu ya habari imo kwenye mwendo wake. Vifaa ni vilevile: hadubini ya lenzi pacha inayokuza mara 10 hadi 40, taa mbili zilizofunikwa karatasi ya tishu ili mwanga usimulike vikali, na simu iliyofungwa juu ya lenzi ya jicho. Asiyetulia huwekwa kwenye friji dakika chache. Hutoka mzito, nami nina muda mfupi wa kumpiga picha kabla hajachangamka.

Niliyekuwa nikimwinda ni Evarcha culicivora, buibui mrukaji wa huku kwetu Ziwa Victoria, aliyepewa jina lake la kisayansi mwaka 2003 na ambaye amechunguzwa sana pale Mbita. Nimempata Kisumu hapahapa, kwenye ukuta wa nje karibu na nyasi ndefu. (Jirani aliyeniona nikimulika ukuta kwa tochi aliniuliza nimepoteza nini.) Ana urefu wa milimita 5 hivi, na uso wake ni mwekundu, dume na jike vilevile.

Huyu anapenda damu, lakini damu yetu haifikii mwenyewe. Ukimkuza mara 40 unaona kwa nini: ana taya mbili nene zenye meno ya sumu yaliyopinda, hana sindano kama ya mbu. Basi humngoja mbu jike ashibe, kisha humla pamoja na damu aliyobeba. Watoto wake nao wana ujanja wao kwa Anopheles, mbu wa malaria. Mbu huyo hutua akiwa ameinua tumbo juu, nao huzunguka kwa nyuma, wakapenya chini ya tumbo hilo na kumshika kutoka huko. Watafiti wamegundua pia kwamba harufu ya soksi zilizovaliwa humvuta buibui huyu. Zangu nimeziacha dirishani, kwa ajili ya sayansi.

Lakini kilichonikalisha mezani hadi usiku ni macho. Yako manane, mawili makubwa yanatazama mbele. Lenzi zake zimeshikamana na gamba la kichwa, haziwezi kugeuka. Kinachosogea ni mrija ulio ndani, wenye retina (utando unaopokea mwanga) mwishoni, unaovutwa na misuli. Ukivumilia utaona jicho jeusi tii likigeuka kahawia, kisha jeusi tena, na kichwa hakijatikisika hata kidogo. Picha moja haiwezi kuonyesha hilo, nimerekodi video.

Vunjajungu nimempitia haraka. Miiba ya miguu yake ya mbele inapendeza, ila ni mkubwa mno, haingii mzima kwenye fremu.

Anayefuata ni lava (mtoto) wa kereng'ende, aliyetoka dimbwini. Mdomo wake wa chini umekunjwa chini ya kichwa na hufyatuka mbele ukiwa na kulabu za kunasia. Kwa sasa yuko kwenye beseni akila viluwiluwi vya mbu. Natafuta kisahani chembamba kitakachomzuia kugeuka ubavu, maana mfyatuko huo nataka kuupata kutoka upande.