Ukimaliza Huyo

Jumamosi nilikuwa nakung'uta mkeka wa sebuleni, ule wa ukindu, nikaona unywele. Mweupe, mfupi, umenasa kwenye mshono wa ukili kana kwamba msukaji aliuweka makusudi. Mbwa wangu Karanga tumemzika chini ya mpapai mwaka na nusu sasa, na mkeka huu nimeshaufua sijui mara ngapi. Nikauvuta. Haukutoka.

Mkeka wenyewe nilimnunulia yeye. Sakafu yangu ni ya vigae, na mbwa mwenye nyonga mbovu juu ya vigae ni sawa na mlevi kwenye tope: mbele anakwenda jikoni, nyuma anakwenda barazani.

Habari za ugonjwa nizipitie haraka. Mwaka 2019, akiwa na miezi minane, alianza kuchechemea mguu wa nyuma wa kulia. Nikasema kapigwa jiwe. Watoto wa Kihonda na mawe ni ndugu. Wiki ya pili paja likaanza kusinyaa, na ukimgusa tu analia. Siku hiyo mezani palikuwa na paketi ya diklofenaki niliyomnunulia mama, nimkabidhi kondakta wa basi la Matombo kama ilivyokuwa kila mwezi. Mama naye nyonga. Nikavunja kidonge kimoja, nusu nikaificha ndani ya kipande cha ini, Karanga akameza bila kutafuna. Nusu tu, nikajiambia.

Kwa kiumbe cha kilo nne, nusu si "tu". Kesho yake alitapika damu, na choo chake kilikuwa cheusi kama lami. Bajaji, hospitali ya wanyama ya SUA, dripu. Daktari, kijana mpole, aliniuliza nimempa nini. Nikamwambia. Akasema dawa ile inachubua tumbo la mbwa na kuharibu figo, kisha akanyamaza. Afadhali angenigombeza.

Alipopata nguvu wakampiga eksirei. Kichwa cha mfupa wa paja, kile kinachokaa ndani ya nyonga, kilikuwa kimekosa damu na kinakufa. Ni ugonjwa wa mbwa wadogo wadogo, na huwaanza kabla hawajatimiza mwaka. Mama yake Karanga alikuwa Maltese. Baba yake ni yeyote aliyepita. Tiba yake ni kukikata hicho kichwa na kukitoa. Nikauliza, sasa mguu utashikwa na nini? Nyama, akasema, na kovu. Kwa mbwa mwepesi inatosha. Ila asiachwe kulala tu: mguu ukunjwe na kunyooshwa, mara kumi na tano, asubuhi na jioni, la sivyo kovu litakaza. Na asinenepe.

Wiki ya tatu baada ya upasuaji, mama akaja. Hakusema anakuja. Alinipigia yuko stendi ya Msamvu, nikamkuta ameegemea mwavuli kama mkongojo, mkungu wa ndizi miguuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huyo mbwa hajafa?"

Matombo mbwa analala nje na kazi yake ni ngedere wasimalize mahindi. Alimtazama Karanga, nyonga imenyolewa, amevaa koni ya plastiki shingoni, akasema, "Wetu wanafukuza ngedere. Huyu wako atafukuzwa na kuku." Nikacheka. Ilikuwa kweli, jogoo wa jirani alishamfukuza mara mbili.

Jioni, taarifa ya habari ya saa mbili ikianza, nikakaa mkekani kama kawaida. Karanga akajilaza ubavu mwenyewe, alishajua saa yake. Mkono mmoja juu ya nyonga, mwingine chini ya goti, nakunja taratibu, nanyoosha. Moja. Mbili. Ilipofika tisa alipumua kwa nguvu puani, kama afanyavyo siku zote, na mguu ukalegea. Nilikuwa namnong'oneza maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mama alikuwa upande wa pili wa mkeka, mgongo ukutani, kanga magotini. Nilidhani anaangalia habari.

Kumi na mbili. Nikaona kanga inasogezwa. Kumi na tatu. Mguu wa mama ukanyooshwa polepole, kisigino kikiburuta juu ya ukindu, ukasimama karibu na mkia wa Karanga. Mguu wa kulia, uleule. Udongo mwekundu wa Matombo ulikuwa bado ndani ya mipasuko ya kisigino.

"Ukimaliza huyo," akasema, macho yakiwa kwenye televisheni, "na mimi nipo."

Nikacheka tena. Safari hii nilicheka peke yangu.

Nikamaliza kumi na tano, nikahama kwa magoti. Sikuwahi kuushika mguu wa mama yangu tangu niwe mtu mzima. Ulikuwa mzito, na ngozi ya baridi. Goti likalia, kah, kama mtu amekanyaga ganda la karanga, na mbwa akainua kichwa akidhani ameitwa. Nikaanza moja. Ilipofika tisa nikajikuta nasubiri apumue. Hakupumua. Kwenye kumi na moja akasema, "Kumbe inakunja."

Baadaye akauliza daktari wa mbwa alisema nini hasa. Nikamwambia: atembee kidogo kidogo kila siku, asilale sakafu ya baridi, asinenepe.

"Na vidonge?"

Nikasema vidonge tutamuuliza daktari wa watu. Kweli nilimpeleka hospitali Jumatatu, wakambadilishia dawa, wakaniuliza alikuwa anakunywa ile tangu lini na nani alimwandikia. Hayo ya ini na nusu kidonge sikumwambia siku ile, na hadi leo sijamwambia. Paketi ile ilimfikia ikiwa pungufu kidonge kimoja, na mama ni mtu wa kuhesabu.

Mkeka nimeutandika tena, unywele wake palepale. Jumapili nikampigia simu, nikamuuliza kama bado anafanya yale mazoezi.

"Yapi? Ya mbwa?"

"Ndiyo mama. Ya mbwa."

Akacheka mpaka akakohoa, halafu akaniuliza mchele huku ni shilingi ngapi kilo.