Kadi ya awamu ya 10: kesi ya Bill Buckner isomwe upya

Mpira ukipita katikati ya miguu ya mlinzi wa besi ya kwanza, kwenye uwanja wowote wa besiboli Marekani, lazima mtu jukwaani amtaje Bill Buckner. Mambo yako hivyo tangu tarehe 25 Oktoba 1986, mechi ya sita ya World Series, fainali ya ubingwa wa besiboli Marekani, kati ya Boston Red Sox na New York Mets pale Shea Stadium. Wengi wanasimulia kwamba Boston walikuwa wanaongoza, mpira ukampita mlinzi wao Buckner, na ubingwa ukaondoka nao. Aliyeiandika mechi ile kwenye kadi, yaani karatasi ya kurekodi kila tukio la mchezo, hawezi kusimulia hivyo. Kadi yake inaonyesha kwamba mpira ulipomfikia Buckner, timu zilikuwa zimeshalingana.

Ndiyo maana nawashauri wanaoanza kufuatilia mchezo huu wajifunze kuandika kadi kabla ya kukariri takwimu. Simu itakupa matokeo, lakini mabishano ya wachezaji wa zamani hayaamuliwi kwa matokeo. Yanaamuliwa na nani alifanya nini, baada ya nani, huku auti, yaani wachezaji waliotolewa, zikiwa ngapi.

Kadi huuzwa viwanjani, ila ya kuchora mwenyewe inatosha. Chukua karatasi ya A4, ilaze, tumia ukurasa mmoja kwa kila timu. Kushoto acha sentimita 5 za majina, kisha chora safu 10, moja kwa kila awamu (zamu ya kila timu kupiga hadi ifikishe auti tatu), za visanduku vya sentimita 1.8 kwa 1.8, na kulia zibaki safu nne nyembamba za jumla. Mistari ya wapigaji ni 9, na kila mmoja uugawe mara tatu upande wa majina, kwa ajili ya wanaoingia baadaye. Chini kutabaki kama sentimita 3 za kuorodhesha warushaji. Safu ya kumi usiiache ukidhani mechi itaishia awamu ya 9. Tumia penseli, wala usibishane na hilo. Mwamuzi wa takwimu anaweza kutangaza kosa la mlinzi, kisha baadaye akaligeuza kuwa hiti, yaani pigo halali lililomfikisha mpigaji kwenye besi.

Ndani ya kila kisanduku chora almasi ndogo. Kona ya chini ni nyumbani, pale mpigaji anaposimama, ya kulia ni besi ya kwanza, ya juu ni ya pili, ya kushoto ni ya tatu. Mkimbiaji anavyosogea ndivyo unavyokoleza mstari, na akifika nyumbani unaijaza almasi yote. Kadi iliyoandikwa vizuri utajua pointi ni ngapi kwa kuitazama tu kutoka mbali.

Halafu kuna namba za walinzi, ambazo hazihusiani kabisa na namba za jezi. Mrushaji ni 1, mdakaji 2, besi ya kwanza 3, ya pili 4, ya tatu 5. Namba 6 ni shotistopu, yule anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu. Nje kule, kushoto ni 7, katikati 8, kulia 9. Wageni hukosea kwenye 5 na 6, maana wanahesabu kwa kuzunguka uwanja. Na namba inamfuata mchezaji, si mahali aliposimama. Shotistopu akisogezwa karibu na besi ya pili bado ni 6.

Kwa hiyo mpira wa chini ukiokotwa na shotistopu, akamtupia wa besi ya pili, naye akautupa besi ya kwanza, na auti mbili zikapatikana, unaandika 6-4-3. Wapenzi wa Chicago Cubs wakiona namba hizo wanakumbuka Joe Tinker, Johnny Evers na Frank Chance, walinzi wa nafasi hizo mwanzoni mwa karne ya 20, watatu walioingizwa pamoja kwenye Ukumbi wa Mashujaa mwaka 1946. Flai, yaani mpira wa juu uliodakwa, ni F na namba ya mlinzi aliyeudaka: F7, F8, F9. Straiki (mrusho mzuri ambao mpigaji ameukosa au ameuacha) zikifika tatu kwa kupiga hewa ni K. Mpigaji akisimama tu akaangalia straiki ya tatu ikipita, K hiyo igeuze mgongo. Boli (mirusho iliyo nje ya eneo la kupigia) zikifika nne ni BB, kosa ni E na namba ya aliyekosea, mpira uliorushwa ovyo hadi ukampita mdakaji ni WP. Kila auti ipe namba yake, 1, 2 au 3, ndani ya kiduara. Ukisahau viduara hivyo, kesho yake hutajua ni auti ipi ilitangulia.

Sasa turudi Shea Stadium, nusu ya chini ya awamu ya 10, zamu ya Mets kupiga. Boston wametoka kupata pointi mbili, ya kwanza kwa homurani (pigo linalomzungusha mpigaji besi zote) ya Dave Henderson, na wanaongoza 5-3. Kwa jumla ya mechi wanaongoza 3-2. Zimebaki auti tatu wachukue ubingwa ambao mara ya mwisho waliuonja mwaka 1918.

Anaanza Wally Backman: F7, kiduara cha 1. Keith Hernandez: F8, kiduara cha 2. Imebaki auti moja. Gary Carter anapiga hiti ya besi moja kushoto, unachora mstari kutoka nyumbani hadi kona ya kulia. Anayefuata ni mpigaji wa tano, na hapa ndipo utaona faida ya kugawa mstari mara tatu. Alianza Darryl Strawberry, kocha Davey Johnson akamtoa na kumpachika mrushaji Rick Aguilera kwenye nafasi ile ya upigaji, na sasa Kevin Mitchell anaingia kupiga badala ya Aguilera. Majina matatu, mstari mmoja. Mitchell naye anapata hiti. Ray Knight anapata hiti ya tatu mfululizo: Carter anafunga, almasi yake unaijaza, Mitchell yuko besi ya tatu. Ni 5-4.

Hapo chora mstari mzito juu ya kisanduku cha Mookie Wilson, kwa sababu mrushaji amebadilishwa. Calvin Schiraldi, aliyepigwa hiti zote tatu, ametoka. Ameingia Bob Stanley. Watu wengi huruka mstari huu wa kubadilisha mrushaji, na bila huo kadi haiwezi kukwambia nani alaumiwe kwa nini. Wilson anang'ang'ana, anaikatakata mipira inakwenda nje ya mistari, kisha Stanley anarusha mmoja unaokwenda ndani mno, Wilson anaukwepa, mdakaji Rich Gedman haupati. WP. Mitchell anafunga, Knight anasogea hadi besi ya pili. Andika WP hiyo mara mbili: kwenye almasi ya Mitchell na kwenye ya Knight, kila moja kwenye mstari aliotembea mhusika.

Simama hapo usome kadi. Ni 5-5. Buckner hajagusa kitu.

Kinachofuata ndicho kila mtu anakijua. Wilson anapiga mpira wa chini kuelekea besi ya kwanza, unapita chini ya glavu ya Buckner, Knight anatoka besi ya pili hadi nyumbani. E3. Mets 6, Boston 5. Kosa ni lake na kadi haimfichi. Lakini angeuokota na auti ikapatikana, Boston wangekwenda awamu ya 11 wakiwa sare, si kunyanyua kombe. Tena ilikuwepo mechi ya saba, tarehe 27 Oktoba, nayo Boston waliipoteza 8-5.

Swali la haki ni kwa nini Buckner, mwenye miaka 36 na vifundo vya miguu vilivyochoka, aliachwa uwanjani wakati mwenzake Dave Stapleton alikuwa akiingizwa kumpumzisha mwishoni mwa mechi. Hilo ni la kocha John McNamara. Buckner mwenyewe alimaliza kazi yake na hiti 2,715, na mwaka 1980 akiwa na Cubs aliongoza National League, mojawapo ya ligi kuu mbili, kwa wastani wa upigaji, .324. Kumkumbuka mtu huyo kwa mpira mmoja wa chini ni uvivu.

Ukimaliza kadi, ipime. Idadi ya wapigaji waliosimama kupiga lazima ilingane na pointi, jumlisha waliobaki kwenye besi, jumlisha auti. Kwa awamu ile ya Mets wapigaji walikuwa 6: Backman, Hernandez, Carter, Mitchell, Knight, Wilson. Pointi 3, auti 2, na Wilson amebaki besi ya kwanza mechi ilipoisha. Tatu, mbili na moja ni sita. Hesabu isipotoka, mara nyingi umemsahau mkimbiaji aliyetolewa wakati anaiba besi (anakimbilia besi inayofuata bila mpira kupigwa), au umeiandika auti ya mkimbiaji kwenye kisanduku cha mpigaji. Kosa jingine huja awamu ikiwa ndefu, wapigaji wote tisa wakamalizika na wa kwanza akarudi. Hapo unahamia safu inayofuata na kubadilisha namba ya awamu juu yake. Na mdakaji asipoishika straiki ya tatu, mpigaji anaweza kukimbia besi ya kwanza na kuwa salama. Andika K pale pale, kisha uchore mstari. Ndiyo sababu mrushaji anaweza kupata K nne katika awamu moja.

Kwa mechi za sasa kuna mabadiliko mawili ya kuzingatia. Tangu 2020, awamu za nyongeza za msimu wa kawaida huanza na mkimbiaji aliyewekwa besi ya pili bila kupiga, kwa hiyo kwenye ile hesabu ya kupima muongeze upande wa wapigaji, la sivyo itakugomea. Na tangu 2023 warushaji wana saa: sekunde 15 besi zikiwa tupu. Ule muda wa kunywa soda kati ya mpira na mpira haupo tena, andika kwanza ndipo unywe.

Kuna mahali kadi inazidiwa, tukubali. Tarehe 29 Septemba 1954, Polo Grounds, New York, mechi ya kwanza ya World Series, awamu ya 8, sare ya 2-2. Larry Doby yuko besi ya pili, Al Rosen ya kwanza. Vic Wertz wa Cleveland anaupiga mpira katikati kabisa, kwenye uwanja ambao ukuta wa katikati ulikuwa kama futi 480 kutoka nyumbani. Willie Mays wa New York Giants anaukimbilia akiwa ameupa mgongo, anaudaka juu ya bega, anageuka na kuutupa. Doby anapata besi moja tu, Cleveland hawafungi, Giants wanashinda 5-2 awamu ya 10. Kwenye kadi ni F8. Herufi moja na tarakimu moja, sawasawa na flai yoyote ya uvivu. Ndiyo maana wazoefu huweka nyota pembeni ya udakaji wa namna hiyo. Nyota ziwe chache, mbili kwa mechi zinatosha, ukizimwaga zitakosa maana.

Upande mwingine, kadi ya Don Larsen wa Yankees, tarehe 8 Oktoba 1956, inasema mengi kuliko picha yake maarufu, mdakaji wake Yogi Berra amemrukia kifuani. Wapigaji 27 wa Brooklyn, auti 27, hakuna aliyegusa besi. Lakini tazama awamu ya 2, kisanduku cha Jackie Robinson: 5-6-3. Namba hizo si za kawaida. Mpira ulimgonga Andy Carey wa besi ya tatu, ukaruka kwa shotistopu Gil McDougald, naye akautupa kwa wakati. Mchezo kamili pekee wa World Series ulinusurika hapo kwa bahati. Na kisanduku cha mwisho, cha Dale Mitchell, ni K iliyogeuzwa mgongo: straiki ya tatu alisimama akaitazama. Wapo wanaosema hadi leo kwamba ule mpira ulikuwa nje.

Kwa mnaofuatilia kutoka Afrika Mashariki, msimu wote tofauti na New York ni saa saba. Mechi ya saa 1:05 usiku kule ni saa 8:05 usiku huku. Ya Los Angeles inayoanza saa 1:10 usiku inaangukia saa 11:10 alfajiri, nayo ndiyo nafuu kwa anayeamka mapema. Bora zaidi kwa kujifunzia ni zile za mchana wa New York, saa 7:05, ambazo huku ni saa 2:05 usiku. Au anza na Little League World Series ya mwezi Agosti kule Williamsport, Pennsylvania. Vijana wanacheza awamu 6, kwa hiyo safu 8 zinatosha pamoja na akiba. Huko ndiko timu ya Lugazi, Uganda, ilikofika mwaka 2012 ikawa ya kwanza kutoka Afrika, na ikaifunga timu ya Gresham, Oregon, 3-2.

Kadi zilizojaa zitie tarehe, uwanja na majina ya warushaji kwa kalamu ya wino. Penseli inafifia, na kinachotafutwa kwanza mabishano yakianza ni tarehe.