Tafakari ya wiki: Tonge lililokataa kushuka

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Neno letu wiki hii ni Mithali 15:17, ule mstari wa heri mboga penye kupendana kuliko ng'ombe aliyenona penye kuchukiana. Naujua tangu niko sande skuli na miaka yote nilikuwa nauchukulia kama neno la kuwafariji wasio na hela ya nyama, basi. Jumanne iliyopita ndo umenishika.

Nimerudi nyumbani nimechoka, foleni, jua, na kichwani nina hesabu ya ada ambayo haikai sawa. Mke wangu kapakua ugali, dagaa na matembele ya nazi, tumenawa, tumeombea chakula, na ile amina haijapoa nikaanza: hela ya kabatini iko wapi, ada mpaka leo kwa nini haijalipwa, naye akajibu, nami nikalijibu jibu lake, sauti zikapanda. Kijana wetu wa miaka saba yuko pembeni yangu ana tonge mkononi, analifinyanga tu, analizungusha, halipeleki mdomoni, mpaka likawa gumu na linang'aa kama kokwa. Nikamkaripia, kula! Akalitia mdomoni likakaa shavuni hapo hapo, halishuki, mwisho akalitema kiganjani akasema baba tumbo linauma. Na mimi mwenyewe usiku ule dagaa walinikaa chini ya kifua mpaka saa nane.

Wanaonifahamu wanajua nafanya kazi maabara ya hospitali, kwa hiyo habari za chakula kinavyosagwa nilishazisoma zamani, ila kusoma ni kitu kimoja na kumuona mwanao anashindwa kumeza kwa sababu yako ni kitu kingine kabisa.

Chakula kinaanza kushughulikiwa kabla hujakimeza. Ukisikia tu harufu ya vitunguu vinakaangwa mate yanajaa mdomoni, na kwenye hayo mate kuna kimeng'enya kinachoanza kuukata wanga kuwa sukari hapo hapo mdomoni. Kikishuka kwenye mfuko wa tumbo kinakutana na asidi kali na vimeng'enya vya kuvunja protini, mfuko unajikamua na kukoroga mpaka kinakuwa kama uji, halafu uji huo unaachiwa kidogo kidogo kwenda utumbo mwembamba, huko nyongo inayeyusha mafuta na kongosho linaleta majimaji yake ya kumalizia kazi. Huo utumbo kwa mtu mzima ni kama mita 6 hivi, na ndani yake haujalainika kama mpira wa kumwagilia bustani, umejaa vinyama vidogo sana vilivyosimama mfano wa nyuzi za taulo, na kila kimoja kina mishipa yake ya damu inayopokea chakula na kukipeleka kwenye ini. Hapo ndo dagaa wanaacha kuwa dagaa wanakuwa wewe. Na hakuna hata kimoja katika hayo ulichokisimamia, umelala unakoroma na kazi inaendelea. Mimi nikifika hapo Zaburi 139 inakuja yenyewe, ile ya kuumbwa kwa jinsi ya ajabu.

Lakini kuna jambo sikuwahi kuliweka moyoni. Mwili ukihisi hatari, iwe ni simba au ni baba anapiga kelele mezani, mate yanakauka, damu inapelekwa kwenye misuli ya kukimbia au kupigana, na tumbo linaambiwa wewe subiri kwanza. Kazi ya kusaga chakula inapata nafasi yake vizuri mwili ukitulia. Ndo maana mtoto alishindwa. Hakuwa na kiburi, mdomo wake ulikuwa mkavu.

Kuna mtu mmoja habari zake huwa zinanigusa sana, anaitwa Alexis St. Martin, kijana Mkanada aliyekuwa anafanya kazi kwenye biashara ya ngozi kule kisiwa cha Mackinac, Marekani. Tarehe 6 Juni 1822 bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya dukani ikampiga ubavuni kutoka karibu sana. Daktari wa jeshi pale, William Beaumont, alidhani hatapona. Akapona, ila tundu la kuingia kwenye mfuko wa tumbo halikuziba kabisa, likabaki wazi, mwanzoni hata akila chakula kinatokea pale ubavuni. Mwaka 1825 daktari akaanza kumfanyia majaribio, anafunga vipande vya nyama, mkate na kabichi kwenye uzi wa hariri anaviingiza kwenye lile tundu, baada ya saa moja anavuta aangalie. Baada ya saa la kwanza mkate na kabichi vimeshasagika kama nusu, baada ya saa la pili nyama ya kuchemsha nayo imekwisha kwenye uzi. Alichota hata yale majimaji ya tumboni akayaweka kwenye chupa yakiwa na joto, yakayeyusha nyama nje ya tumbo, ingawa taratibu zaidi. Kwa hayo ikaonekana wazi zaidi kwamba tumbo halisagi kwa kukoroga tu, kuna majimaji yanayofanya kazi.

Ila kilichonifanya niache kusoma nitulie kidogo ni kwamba Beaumont aliona pia siku ambazo Alexis amekasirika, tumboni mambo yanabadilika na chakula hakisagiki kama kawaida. Na wapendwa, yule kijana alikuwa na sababu ya kukasirika, maana alikuwa maskini, anafanyishwa kazi kama mtumishi, akimaliza anaingiziwa nyuzi ubavuni. Kuna wakati aliondoka akarudi kwao Kanada bila ruhusa ya daktari, akaoa. Sifa zikaenda kwa daktari. Alexis akaishi miaka mingi kuliko daktari wake, akafariki 1880, na ndugu zake wakakaa na mwili mpaka ukaharibika ndo wakauzika, ili madaktari wasije kuuchukua. Mimi hilo linaniuma. Tulijifunza siri ya tumbo kwa mtu ambaye hakupewa amani ya kula.

Sasa asije mtu akaniambia kila tumbo linalouma ni hasira akaacha kwenda hospitali. Vidonda vya tumbo vingi vinatokana na bakteria au na dawa za maumivu, madaktari wawili wa Australia walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuwagundua hao bakteria na kuonyesha wanachofanya tumboni, na dawa zake zipo, kwa hiyo ukiumwa nenda ukapime, sala na vipimo havigombani. Ninachosema ni kile cha Mithali, kwamba Mungu aliyetengeneza mita 6 za utumbo ndiye huyo huyo aliyesema angalia kilichokaa mezani pamoja na chakula. Mwangalieni nabii Eliya chini ya mti wa mretemu, 1 Wafalme 19, amechoka mpaka anaomba kufa. Mungu hakuanza kwa kumuuliza maswali. Alimpa mkate na maji, akala akalala, akaamshwa akala tena, swali la unafanya nini hapa Eliya lilikuja baadaye sana, siku 40 baadaye kule mlima Horebu. Mimi swali langu la ada nililiweka juu ya dagaa.

Jumatano nikamuomba mke wangu msamaha, na mtoto pia, nilimpigia magoti kabisa tuwe sawa macho kwa macho. Tukakubaliana mambo ya hela tunayaongea watoto wakishalala, vyombo vikiwa vimeshaoshwa. Sijui wengine mnafanyaje, mtaniambia.

Alhamisi tulikula ugali na maharage. Nikawaambia watoto leo tujaribu kitu, kila mtu achukue tonge dogo bila mboga, atafune bila kumeza mpaka nihesabu 60, halafu aniambie linaonjaje. Wakatafuna wamekodoa macho wananiangalia, dada yake anacheka mashavu yamejaa. Nimefika 50 na kitu yule mdogo akanivuta shati, ananyoosha kidole mdomoni kwake hawezi kusubiri, akameza akasema, "Baba, limekuwa tamu kidogo!" Akachukua lingine.