Buti la Gombe si buti la Ugalla

Wengi wanaokuja Kigoma kutembea milimani hufika na viatu walivyoshauriwa kununua kwa ajili ya Kilimanjaro: ngozi nzito, shingo ndefu, na ndani yake utando wa kuzuia maji kama Gore-Tex. Ni viatu vizuri, lakini kwenye njia za Gombe vina kasoro kubwa. Maji ya huku hayapenyi ubavuni mwa kiatu, yanaingilia juu. Unashuka kwenye boti ziwa likiwa limekufika magotini, unavuka kijito, unapita kwenye majani yaliyolowa hadi kiunoni. Yakishaingia, utando ule uliowekwa kuyazuia yasiingie ndio unaoyazuia yasitoke. Hata usipolowa, mvuke wa jasho hupita kwenye utando pale tu hewa ya nje inapokuwa kavu au baridi kuliko ya ndani ya kiatu, na kando ya Ziwa Tanganyika mchana wa mwezi Machi tofauti hiyo ni ndogo mno. Mguu unachemka, ngozi inalainika, na ngozi iliyolainika ndiyo inayotoka malengelenge.

Kwa Gombe, na kwa njia za chini za Mahale, chukua kiatu chepesi cha kitambaa cha neti, kisicho na utando, chenye mpira au ngozi kwenye ncha ya vidole na kisigino. Kikijaa maji, vua, mwaga, kamua soksi, vaa, endelea. Mwendo wenyewe utakikausha. Ndani ya boti vaa makatambuga au yeboyebo, buti zikae ndani ya begi. Ukifika nchi kavu, futa miguu na utoe kila chembe ya mchanga katikati ya vidole kabla ya kuvaa soksi, maana mchanga ndani ya soksi kwenye mteremko ni msasa.

Soli inahitaji umakini kuliko sehemu nyingine yoyote. Ziwa liko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa bonde la ufa ulio nyuma ya Gombe unapita mita 1,500 ndani ya kilomita chache tu. Kwa hiyo huko unapanda na kushuka, sehemu tambarare ni chache. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, changarawe na majani makavu hukaa juu ya udongo mgumu na kuviringika chini ya mguu. Tafuta soli yenye meno ya milimita 4 hadi 5, kingo zake kali, na kisigino kilichokatwa kwa ngazi, si soli iliyonyooka kama ya raba za kukimbilia. Ngazi hiyo ndiyo breki yako unaposhuka. Kwa mawe yenye maji, kama ya njia ya maporomoko ya Kakombe, kinachoshika ni ulaini wa mpira. Bonyeza jino la soli kwa ukucha: likibonyea kidogo na kurudi, ni zuri, likiwa gumu kama plastiki, litateleza. Mpira laini huisha mapema, na mimi ningekubali hasara hiyo kila mara.

Sasa mitumba, kwa sababu wengi wetu tunanunua Mwanga au Ujiji na si dukani Ulaya. Mitumba ina buti bora sana kwa bei nafuu, na ina mtego mmoja. Kati ya soli ya nje na mwili wa kiatu kuna sponji. Kwenye buti nyingi za milimani sponji hiyo ni poliyurethani, na poliyurethani huliwa taratibu na unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa kabatini. Baada ya miaka kama 5 hadi 10 inapoteza nguvu. Buti iliyokaa stoo bila kuvaliwa inaweza kung'aa kama mpya, kisha soli ikamong'onyoka siku ya kwanza ya kupanda. Angalia lebo chini ya ulimi wa kiatu, kampuni nyingi huandika hapo mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Kisha kunja kiatu kwa nguvu sehemu ya vidole na utazame sponji kwa karibu: nyufa ndogo ndogo, unga, au hali ya kunatanata, kirudishe. Ubonyeze pia kwa kidole gumba. Ikimeguka kama mkate uliokauka, hakuna fundi wa kuiokoa, kwa sababu gundi na uzi vyote vinahitaji kitu kizima cha kushikilia.

Soli iliyobanduka huku sponji ikiwa nzima ni kazi ya kawaida. Mwambie fundi asafishe gundi ya zamani yote, apake mpya pande zote mbili, asubiri dakika 10 hadi 15 mpaka isinate kidoleni, ndipo agandamize na kugonga. Kiache saa 24. Kushona pembeni kwa uzi wa nailoni kunaongeza uhai, ila kama kiatu kina utando, matundu ya sindano yameumaliza.

Jaribu kiatu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na soksi zilezile utakazopandia. Kabla ya kufunga kamba, sogeza mguu mbele mpaka vidole viguse. Nyuma ya kisigino kiingie kidole kimoja. Kisha funga na usimame kwenye ubao ulioinama, uso ukielekea chini. Vidole vikigonga mbele, kucha zitakuwa nyeusi kabla hujarudi ufukweni. Wakati mwingine kosa ni la kamba: pitisha kila kamba kwenye tundu la juu kabisa la upande wake ili ibaki kitanzi, ingiza kamba ya upande wa pili ndani ya kitanzi hicho, vuta kwenda chini, funga. Kisigino kinatulia. Soksi ziwe za sufu au nailoni. Za pamba hushika jasho. Suruali ichomekwe ndani ya soksi kwa ajili ya siafu.

Anayekwenda kilele cha Nkungwe kule Mahale, mita 2,462, abebe nguo ya joto hata kama ufukweni anatoka jasho. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo kileleni ni baridi zaidi ya ziwani kwa nyuzi kama 10, na upepo juu yake. Sweta la sufu, koti jepesi la mvua, kofia. Ndani ya begi tandika nailoni nzito, uikunje mdomo. Kiroba cha salfeti kinapitisha maji. Kwa mzigo wa siku mbili tatu, buti yenye shingo na soli ngumu kidogo sasa ina maana.

Tabora ni habari nyingine. Miombo ya Ugalla ni tambarare, shida zake ni miiba, mbung'o na matope ya mbuga. Soli iwe nene kiasi cha kuzuia mwiba wa mgunga, na meno yaachane, kwani udongo mweusi wa mfinyanzi hujaza soli yenye meno yaliyobanana mpaka kila mguu unabeba kilo ya ziada. Mvua zikikolea, gambuti zinashinda buti yoyote. Usivae bluu wala nyeusi: mitego ya mbung'o hutengenezwa kwa rangi hizo kwa sababu ndizo zinazowavuta. Kaki au kijani kilichofifia, kitambaa kizito, maana kitambaa chembamba wanakitoboa.

Ukirudi, toa soli za ndani na kamba, osha matope kwa maji baridi, jaza magazeti, uyabadilishe yakilowa. Anika kivulini penye upepo. Usiweke karibu na jiko la mkaa: gundi inalegea, ngozi inapasuka.