Tulivyomaliza kuvu nyuma ya vigae vya bafu

Tulipoanza kubomoa bafu nilitegemea vumbi tu, lakini vigae vya kona ya shawa vikawa vinabanduka kwa mkono, patasi haijagusa, na nyuma yake jipsam, zile bodi za ukuta, ilikuwa nyeusi tii, imelainika, na ile harufu ya uvundo iliyotusumbua muda wote ikanipiga usoni. Fundi akasema bosi hapa tunapiga dawa, tunabandika vigae vipya, kazi imeisha. Nikamwambia hapana fundi, hatufuniki kitu mpaka tujue maji yanatokea wapi, maana kuvu inaishi kwa unyevu, ukiiua leo na maji bado yanaingia itarudi tu.

Tukafunga koki zote, nikasoma mita usiku na asubuhi nikakuta namba zile zile, kwa hiyo bomba la ukutani lilikuwa zima. Maji yalikuwa yanapenya kwenye kona, silikoni imepasuka zamani, na wengi hawajui kwamba grauti yenyewe, ile inayojaza nafasi kati ya vigae, inapitisha maji kidogo kidogo, kinachozuia ni wotaprufu, ile tabaka ya kuzuia maji inayopakwa chini ya vigae, na pale haikuwepo kabisa.

Kabla ya kukata tukaziba mlango kwa nailoni na tepu, feni dirishani inatoa hewa nje, maski za N95, glavu, miwani. Jamani hapa msipuuzie, ukiitibua kuvu mbegu zake zinaruka nyumba nzima na mwenye pumu ndiye anaumia. Jipsam tuliikata kuvuka doa kama sentimita 30 kila upande, ikafungwa kwenye mifuko humo humo ndani. Mbao za fremu ya ukuta nikazichoma na bisibisi kuona kama zimeoza, nyingi ngumu, ila ule wa chini kabisa bisibisi ilizama kama kwenye ndizi mbivu, ukatolewa. Zilizobaki tukazisugua kwa brashi na sabuni. Klorini sikutaka, kwenye mbao inaishia juu juu, na ikikutana na amonia inatoa gesi yenye sumu.

Kazi kubwa ikawa kusubiri, fundi anapiga simu kila mara lini tunaziba. Nikabandika kipande cha nailoni angavu kwenye zege la sakafu, kingo zote tepu, nikakiacha siku nzima, nikakikuta kina matone kwa ndani, yaani zege bado lina unyevu, basi feni zikaendelea mpaka siku nailoni ilipobaki kavu ndo nikamwita.

Ukutani tukaweka bodi za simenti badala ya jipsam, wotaprufu mikono miwili, kona zikapata kitambaa cha kuimarisha hiyo wotaprufu. Halafu tukaziba tundu la maji machafu, tukajaza maji sakafuni yakalala hapo mpaka kesho yake, kipimo hakijashuka na chini hakuna hata tone, ndo vigae vikaanza. Feni ya bafu nayo bomba lake tulilipeleka mpaka nje ya nyumba, maana la zamani lilikuwa linamwaga mvuke wote darini.