Lev Kuleshov na Maana Inayozaliwa Kati ya Picha Mbili

Anayesoma habari za uhariri wa filamu hukutana mapema na jina la Lev Kuleshov, mwongozaji na mwalimu wa filamu wa Urusi, na mara nyingi hukutana nalo kupitia jaribio moja tu. Uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, usioonyesha hisia yoyote, uliunganishwa kwa zamu na bakuli la supu, na maiti ndani ya jeneza, kisha na mtoto anayecheza. Kwa mujibu wa mwanafunzi wake Vsevolod Pudovkin, watazamaji waliusifu ustadi wa mwigizaji huyo wakiamini kwamba wameona fikra, huzuni na furaha, ilhali uso ulikuwa ule ule. Mkanda wenyewe umepotea, na hata masimulizi ya Kuleshov na Pudovkin hayalingani katika kila jambo. Nalithamini jaribio hilo, lakini naamini limemdhulumu Kuleshov mwenyewe, kwa sababu limemfanya aonekane kama mtu aliyekusudia kuthibitisha kwamba mwigizaji hana kazi.

Kuleshov alizaliwa Tambov mwaka 1899, akasomea uchoraji Moscow, na mwaka 1918 akaongoza filamu yake ya kwanza. Katika kumbi za sinema aliwachunguza watazamaji zaidi ya pazia linaloonyeshwa filamu, akaona kwamba filamu za Marekani ndizo zilizowasisimua kuliko za Urusi. Sababu aliipata katika mkato, yaani kukata na kuunganisha vipande vya filamu: Wamarekani waliijenga hadithi kwa vipande vingi vifupi, ilhali waongozaji wengi wa Urusi walimwacha mwigizaji atende mbele ya kamera kwa muda mrefu bila kukatizwa.

Mwaka 1919 shule ya filamu ya serikali ilianzishwa Moscow, naye akawa mmoja wa walimu wake. Ilikuwa miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mikanda ya kupigia picha ilikuwa adimu mno, hivyo wanafunzi wake waliigiza jukwaani "filamu zisizo na mkanda", yaani maigizo mafupi yaliyopangwa na kubadilishwa kwa kasi kana kwamba yamekatwa na kuunganishwa. Nadhani uhaba huo ulimfunza mengi, kwa maana anayelazimika kuiwazia kila picha kabla ya kuipiga hujiuliza kwanza picha hiyo inahitajika kwa lipi. Mkanda ulipopatikana kidogo, alimpiga picha mwanamume mahali pamoja pa Moscow na mwanamke mahali pengine, akawakutanisha kwa uhariri, akachomeka picha ya Ikulu ya Marekani, kisha akawaonyesha wakipanda ngazi za kanisa kuu la Moscow. Kwa mtazamaji, hayo yote yalikuwa mahali pamoja, mahali ambapo hapakuwahi kuwapo duniani.

Hapa ndipo nadharia yake ya uigizaji inapoingia, nayo haitengani na uhariri. Kama kipande kitadumu kwa sekunde chache tu, basi ni lazima kisomeke mara moja, na mwendo wa mkono au wa kichwa uwe dhahiri usio na ziada. Kwa hiyo Kuleshov aliwazoeza waigizaji wake kwa ukali, akawataka waelekeze miondoko yao kwa kufuata mistari ya wima na ya mlalo ya pazia la filamu lenyewe. Ushahidi bora ni filamu yake ya mwaka 1926, *Kwa Mujibu wa Sheria*, iliyotokana na hadithi ya Jack London. Watu wawili wanamlinda muuaji ndani ya kibanda kilichozingirwa na mafuriko na barafu, na mvutano wote unabebwa na mwili wa Aleksandra Khokhlova, mke wa Kuleshov, ambaye mikono na mabega yake hayawezi kamwe kuitwa uso mtupu unaosubiri kupewa maana na picha inayofuata.

Mwongozaji wa filamu Sergei Eisenstein, aliyesoma kwa Kuleshov kwa muda mfupi, baadaye alimkosoa kwamba aliona vipande vya filamu kama matofali ya kupangwa moja baada ya jingine, ilhali Eisenstein alitaka vigongane ili wazo jipya lizuke. Ukosoaji huo unayafaa zaidi maandishi ya Kuleshov kuliko *Kwa Mujibu wa Sheria*. Ndani ya kibanda kile, uso wa mlinzi na uso wa mfungwa vinapokatwa kwa kupokezana, mgongano upo tayari, na umejengwa kwa waigizaji wachache, chumba kimoja na bunduki.